Daraja la Joséphine-Marie

Kwenye karatasi, daraja la mto Lubiro lipo. Lina urefu wa mita kumi na nane, lina nguzo mbili za zege, lina vyuma pembeni vya kuzuia watoto wasianguke, na limepokewa na wananchi bila neno. Ukienda Goma ukaomba kuonyeshwa, watakuonyesha: muhuri upo, sahihi zipo, tarehe ipo. Lakini ukifika kwenye mto wenyewe, pale milima ya Masisi inapoanza kushuka kuelekea misitu ya Walikale, utavua viatu, utakunja suruali mpaka mapajani, na utaingia majini kama babu yako alivyoingia. Hilo ndilo daraja letu. Na aliyetia sahihi ya mwisho ni Papa Honoré, mtu ambaye katika sekta nzima ya Mutakwa hakuna aliyewahi kumwita mwizi, na hata leo hakuna anayemwita hivyo. Angeitwa mwizi pengine angelala vizuri zaidi.

Honoré alikuwa maçon, fundi wa kujenga, na kazi hiyo aliifanya miaka thelathini na nane. Alijifunza ujanani kule Kirotshe, kando ya ziwa, halafu akaipandisha milimani: shule, makanisa, tangi za maji, makaburi ya wenye uwezo. Alikuwa na tabia moja iliyowachekesha watu. Akiingia nyumba ya mtu, kabla hajaketi, lazima agonge ukuta kwa kifundo cha kidole na kutega sikio. Mke wake, Joséphine-Marie, alikuwa akimwambia kwamba siku moja atagonga kifua cha askofu aone kama kimejengwa vizuri.

Joséphine-Marie huyo ndiye mwenye daraja. Aliuza maharagi. Aliyanunua kwa wakulima wa milimani, akaongeza na fromaji, jibini ya kutoka Kirolirwe penye ng'ombe, akavuka Lubiro mara mbili kwa juma kwenda kuuza upande wa msitu, akarudi na mawese na nyama ya kukaushwa. Mara mbili mto ulimnyang'anya mzigo. Mara ya tatu ulitaka kumchukua mwenyewe, akaokolewa na mwindaji mmoja wa kule Walikale aliyemdaka kitenge. Siku hiyo alirudi nyumbani ameloa chapachapa, akaketi, akasema amechoka kumwomba Mungu amvushe. Sasa anataka serikali imvushe. Honoré akacheka. Mwenzake hakucheka.

Mwaka ule ule sekta iliitisha mkutano wa bajeti. Huko msituni, Bisie na kwingineko, yanachimbwa mawe ya bati, na sheria inataka sehemu ya kodi yake irudi kwa wenyeji ijenge vitu vinavyoonekana kwa macho, isiende kwenye mishahara wala mafuta ya gari la mkubwa. Wengi wetu habari hiyo tulikuwa tunaisikia kama habari za mvua ya nchi nyingine. Joséphine-Marie akasimama katikati ya wanaume, kitenge kimefungwa barabara kiunoni, akauliza ile sehemu yetu iko wapi, na kwa nini isiwe daraja. Chef wa sekta, Papa Faustin, akajaribu kumkalisha kwa mzaha. Hakukaa. Mwishowe daraja likaandikwa kwenye bajeti, mstari wa kwanza.

Kuandikwa na kujengwa ni mambo mawili, na hilo hata kanuni za sekta zilijua. Zilitaka iundwe komite ya wananchi watano, wasiolipwa na sekta wala wasio ndugu za chef, waiangalie kazi tangu msingi mpaka mwisho. Kazi ikiisha, wakaguzi wa kujitegemea wangekuja kutoka Goma na kuiuliza komite mbele ya watu: mna rezerve? Yaani, mna kasoro mnayoiona? Kama ipo, inaandikwa, na kila kitu kinasimama mpaka itengenezwe. Kama haipo, watano wanatia sahihi, na daraja linahesabiwa limepokewa. Basi. Hiyo ndiyo silaha yote tuliyopewa, kalamu moja na swali moja.

Joséphine-Marie ndiye aliyemsukuma mumewe kwenye komite. Honoré hakupenda, alisema mambo ya siasa yanamwasha ngozi.

"Weye njo unajua simenti," mke akamwambia. "Wale wengine watatazama rangi tu."

Wakampa kitabu kidogo cha kanuni, kurasa arobaini za Kifaransa cha ofisini. Yeye macho yalikuwa yamekwisha choka, kwa hiyo mke alikuwa akimsomea jioni karibu na jiko, akigeuza kila kipengele kwa Kiswahili. Honoré ametoka kubeba mawe mchana kutwa, amekula ugali na sombe, tumbo limejaa, moto unawaka. Alikuwa akijibu "mm, mm," huku kidevu kimeshafika kifuani. Mke anamsukuma begani, mume anaamka, anasema amesikia. Hakusikia. Tuyaweke hayo pembeni kwanza, tutayarudia.

Kazi ilianza mwezi wa tatu. Alikuja entreprenere, mkandarasi, kutoka Goma na magari mawili na vijana waliovaa kofia za plastiki, na siku ya pili tu Honoré alijua. Mchanga waliuchota pale pale ukingoni, na matope yake, bila kuuosha. Aliuchukua mkononi, akausugua, akaumwaga, kiganja kikabaki cha manjano. Mchanga mzuri hauachi kitu mkononi. Akahesabu ndoo: kwa mfuko mmoja wa simenti, pale ambapo yeye angetia tano, wao walitia kumi na tano. Vyuma vilivyoandikwa kwenye plani vinene kama kidole gumba, vilivyoletwa vilikuwa kama kidole cha mwisho. Alipomwambia msimamizi wao, alijibiwa kwa adabu kabisa kwamba yeye ni fundi wa makanisa, na hapa ni mambo ya maenjinia.

Na miezi ile ile, nyumba mpya ya chef Faustin ilikuwa inapanda pale mlimani. Honoré alipita siku moja akaugonga ukuta wake. Ulikuwa ukuta mzuri sana.

Yote aliyaandika kwenye kaye ya shule yenye jalada la buluu: siku, idadi ya ndoo, unene wa vyuma. Jioni akamsomea mke. Safari hii mke ndiye aliyesikiliza, na hakusinzia. Alimwambia aandike kila kitu, asigombane na mtu njiani, asubiri siku ya swali, kwa maana siku hiyo chef hataweza kumkalisha mtu. Honoré akakubali. Kwa mara ya kwanza maishani mwake alijiona kama mtu aliyebeba kitu cha maana ambacho siyo jiwe.

Joséphine-Marie alikufa mwezi wa nane, siku ya Jumatano. Asubuhi alisema kichwa kinamuuma, jioni akawa hayupo. Tension, yaani presha ya damu, wakasema pale kwenye kituo cha afya. Alikuwa na miaka hamsini na sita, na gunia lake la maharagi ya kesho yake lilikuwa limeshafungwa mlangoni.

Sasa sikilizeni vizuri, maana hapa ndipo mambo yalipoharibikia. Chef Faustin alifika kabla hata jamaa za mbali hawajapata habari. Alileta mbao nyekundu za jeneza. Alileta ng'ombe dume, na turubai, na madumu sita ya kasiksi, pombe yetu ya ndizi. Na hakutuma watu: alikuja mwenyewe, akaingiza bega lake chini ya jeneza kwenye ule mteremko, mvua inanyesha, matope mpaka magotini, mtu wa cheo chake. Akakaa kilioni siku mbili, chini, kwenye mkeka, akila walichokula watu. Msiniambie ilikuwa rushwa. Ingekuwa rushwa ingekuwa rahisi, Honoré angejua namna ya kuikataa. Chef Faustin aliwazikia watu wote. Maskini na tajiri, aliwazikia, na ndiyo maana hakuna aliyemgusa miaka kumi na minne.

Kwetu kuna desturi, na ni desturi nzuri, mimi siitukani. Tangu siku ya kuzika mpaka siku ya arobaini, ile ya kuondoa kilio, nyumba yenye msiba haigombani na mtu. Zaidi ya wote, haimsemi vibaya aliyebeba jeneza. Ukimsema, ni kama umemtoa marehemu kaburini ukamlaza njiani. Wazee waliiweka hivyo ili watu wenye visa vyao waweze kuzikana. Ikishafika arobaini, kilio kimeondolewa, watu wamenyolewa nywele, sema unachotaka, hata kortini nenda. Hakuna atakayekulaumu.

Wakaguzi walifika siku ya ishirini na tisa.

Walikuwa watatu, na mkubwa wao alikuwa mwanamke wa miaka kama thelathini na mitano, jina lake Elodie, mwenye viatu vya mvua na sauti ya polepole. Sekta nzima ikajaa ukingoni. Daraja lilikuwa limepakwa chokaa, linameremeta kama bibi arusi, na watoto walikuwa wanakimbia juu yake kwenda na kurudi. Chef alikuwa ametangaza tangu juma lililopita kwamba bajeti ya mwaka inafungwa Ijumaa, na komite ikichelewesha sahihi, pesa yote itarudi ilikotoka na daraja halitalipwa. Nani alikisikia kipengele hicho? Hakuna. Chef alisema, ikatosha.

Honoré alikuja na kaye yake ya buluu ndani ya koti. Alikuwa hajanyoa, kama desturi inavyotaka. Karibu naye alisimama Nzabandora, kaka mkubwa wa marehemu, mzee wa ukoo, na mkono wa mzee ulikuwa umeshika kiwiko chake. Njiani Honoré alikuwa amemweleza yaliyomo kwenye kaye. Nzabandora hakukasirika. Alisimama tu barabarani, akamtazama kwa huruma.

"Shemeji," akasema, "muntu aliyebeba dada yangu mu matope, utamusema mbele ya wageni na kilio haiyaisha? Kama unamupenda, ngojea."

Kama unamupenda. Maneno hayo ndiyo yaliyomfunga.

Wanakomite wanne walitia sahihi kabla yake. Walikuwa watu wa kutazama rangi, kama marehemu alivyosema. Elodie akasogeza karatasi mbele ya Honoré, akamtazama usoni. Alikuwa ameambiwa huyu ndiye fundi. Akamuuliza, polepole, kwa heshima, mbele ya watu wote.

"Papa, komite iko na rezerve?"

Kaye ilikuwa juu ya moyo wake kabisa, aliisikia ikipanda na kushuka. Alimtazama chef. Chef hakumtazama, alikuwa anatazama mto, mikono nyuma, kama mtu asiye na wasiwasi wowote. Honoré alihesabu. Bado siku kumi na moja. Akajiambia ataandika leo, halafu siku ya arobaini na moja atakwenda Goma na kaye na kufuta. Alijiambia hivyo, na wakati ule aliamini.

"Hakuna," akasema.

Akaandika kwa mkono wake, pale penye mstari mtupu, neno moja la Kifaransa alilofundishwa: néant. Hakuna kitu. Halafu chef Faustin akapaza sauti, akasema daraja hili litaitwa kwa jina la mama aliyelililia, na wakapachika kwenye nguzo ya upande wetu kibao cha saruji kilichokwisha andaliwa, kimeandikwa kwa herufi kubwa: DARAJA LA JOSÉPHINE-MARIE. Watu wakapiga makofi. Wanawake wakapiga vigelegele. Honoré akalia mbele ya watu, na kila mtu akajua ni uchungu wa mke. Ni yeye peke yake aliyejua kwamba kibao kile kilikuwa na simenti nyingi kuliko nguzo iliyokibeba.

Siku ya arobaini kilio kikaondolewa. Kesho yake, kabla umande haujakauka, Honoré alipanda pikipiki na kaye yake. Alifika Kirolirwe, akarudishwa: mbele kulikuwa na mapigano, barabara imefungwa, watu wanakimbia na magodoro vichwani. Akarudi. Hapo hana kosa, vita siyo vyake. Lakini tusimfichie. Baada ya wiki sita barabara ilifunguliwa, magari ya maharagi yakapita, na hakwenda. Alisema kiuno kinamuuma. Alisema atakwenda baada ya Noeli. Ukweli ni kwamba kila alipofikiria kufika mbele ya yule mwanamke na kusema "nilidanganya", alitafuta kazi nyingine ya kufanya. Kaye akaichomeka kwenye mbao za paa, juu ya kitanda, upande aliokuwa akilala mkewe.

Daraja lilidumu mvua mbili. Mvua ya pili, siku ya soko, mchana, watu wakiwa wanajikinga chini ya mabanda, walisikia mlio mmoja kama wa mti kuanguka. Nguzo ya upande wa Walikale ilikuwa imekatika kwenye kifundo. Ilikwenda na mbuzi wawili na baiskeli moja. Tukamshukuru Mungu kwamba ni mbuzi. Nguzo ya upande wetu ilibaki imesimama yenyewe, haina cha kubeba, na kibao chake.

Tukarudi majini. Na mwezi wa nne, maji yakiwa makubwa, mto ukamchukua Mama Céline. Céline alikuwa akiuza pamoja na Joséphine-Marie tangu walipokuwa wasichana. Walikuwa wakigawana chumvi. Mzigo ulimvuta, akakataa kuuachia. Alipatikana siku ya tatu, huko chini sana, kamba ya gunia bado iko mkononi.

Ndipo lile neno lilipoanza. Hakuna aliyekusudia ubaya, ni vile watu wanavyosema. Mahali panaitwa kwa kibao chake, basi. Wakasema Joséphine-Marie ameanguka. Wakasema usipite kwa Joséphine-Marie mvua ikinyesha. Siku ya kumzika Céline, Honoré alisimama nyuma ya wanawake wawili wa kutoka ng'ambo, akamsikia mmoja akimwambia mwenzake, taratibu kabisa, kwamba Joséphine-Marie amemkula Céline. Aliondoka mazikoni kabla ya sala ya mwisho.

Mkutano wa bajeti uliofuata, watu waliomba daraja. Chef Faustin alikuwa amehamishiwa kwingine, kwenye cheo kikubwa zaidi, wala hakuaga. Chef mpya, kijana anayeitwa Déo, alikuwa mtu wa karatasi, siyo mtu mbaya. Alifungua faili, akasoma kwa sauti: daraja la Lubiro lipo, limepokewa bila rezerve, na kazi iliyopokewa bila rezerve haiwezi kuandikwa tena kwenye bajeti kabla ya miaka mitano. Kanuni hiyo iliwekwa ili wakubwa wasijenge kitu kimoja mara tatu kwenye vitabu. Ni kanuni nzuri. Kelele zikawa nyingi, mwalimu mmoja akauliza nani aliyepokea. Déo akasoma majina matano. Wanne walikuwa wamekwisha kimbia vita, wengine Minova, wengine Goma. Mmoja alikuwa ameketi kwenye benchi ya tatu, kofia magotini. Hakuna aliyegeuka kumtazama. Wangegeuka, wakamtukana, ingekuwa nafuu.

Elodie alirudi mwaka wa pili, barabara ilipotulia kidogo. Alikuwa akipita sekta kwa sekta kuangalia kazi alizozikagua. Alisimama ukingoni muda mrefu, halafu akauliza nyumba ya yule fundi iko wapi, wakamwelekeza.

Honoré alimpa kiti, akamletea maji, halafu bila kuulizwa akapanda kitandani na viatu vyake, akachomoa kaye kwenye paa. Mende walikuwa wamekula pembe. Elodie aliisoma yote, ukurasa kwa ukurasa, ndoo kwa ndoo, na chai aliyoletewa ikapoa. Alipomaliza aliuliza kitu kimoja tu, kwa nini. Honoré akamweleza habari za jeneza, na matope, na siku arobaini, na Nzabandora, na Ijumaa ya kufunga bajeti. Alieleza vizuri. Alikuwa ameirudia hadithi hiyo kitandani mara nyingi mpaka ikawa laini.

Elodie hakumkaripia. Alitoa kwenye mkoba wake kile kitabu kidogo cha kanuni, kile kile cha kurasa arobaini, akakifungua mahali, akamgeuzia. Halafu akakumbuka kwamba mzee haoni vizuri, akamsomea mwenyewe. Komite isiyokuwa tayari kutia sahihi, kwa sababu yoyote, hata ya ugonjwa ao msiba, itasema hivyo, nayo itapewa siku thelathini. Bajeti haifungwi. Pesa hairudi popote. Hakuna anayelazimika kutoa sababu yake mbele ya watu.

"Papa, mulikuwa na siku makumi tatu," akasema. "Ungesema tu 'ngojea.' Haikuwa lazima kumusema chef. Neno moja, ngojea, nami ningefunga faili yangu na kurudi."

Honoré alihesabu tena. Alikuwa anahitaji siku kumi na moja. Na kilichomkata siyo hesabu hiyo. Ni kwamba alipokuwa akisomewa, alijua ameshayasikia maneno yale. Aliyasikia katika sauti nyingine, kwa Kiswahili, karibu na moto, hata ugonjwa ao msiba, na mkono ukimsukuma begani, Honoré, unasikia?, na yeye akijibu mm.

Kisha Elodie akasema jambo la mwisho, na alilisema akiwa ameshasimama, maana hata yeye halikuwa jepesi kwake. Siku ile yeye pia alikuwa na mashaka. Aliziona nguzo, hakuzipenda. Lakini katika ripoti yake aliandika kwamba fundi wa komite, mtu anayeheshimiwa na wote, amethibitisha. Aliweka mashaka yake chini ya neno la Honoré. Sasa ataandika ripoti nyingine, ataambatisha kaye, na pengine baada ya mwaka mmoja ao miwili kuna mtu atakayeisoma. Alimwacha mlangoni akaenda zake.

Asubuhi iliyofuata Honoré alichukua nyundo na patasi, akashuka mtoni. Daraja hakuweza kulirudisha, Céline hakuweza kumrudisha, lakini jina angalau angeliondoa. Ilikuwa siku ya soko, maji ya wastani. Alipanda kwenye ile nguzo iliyobaki, akaweka patasi pembeni ya kibao, akainua nyundo, halafu akaishusha bila kupiga. Alikuwa ameshika ukingo wa nguzo kwa vidole tu ili asianguke, na zege lilikuwa linamomonyoka lenyewe. Akasugua. Likatoka kama sima iliyolala. Alikinyofoa kibao chote kwa vidole vyake, bila nyundo, na kiganja chake kikabaki cha manjano.

Alishuka, akakiweka chini kwenye majani, maandishi yakitazama ardhi. Upande wa pili alikuwa amefika mwanamke mgeni, mtu wa kutoka msituni ndani, chupa za mawese mgongoni ndani ya kikapu, mtoto kifuani. Alisimama anapima maji kwa macho, hajui pa kukanyaga. Honoré akavua viatu, akaingia. Anajua mawe yote ya Lubiro. Akamfikia, akachukua kikapu, akampa mkono, wakavuka polepole, maji kiunoni.

Walipofika nchi kavu mwanamke akakamua kitenge chake, akamshukuru. Halafu akatazama ile nguzo yenye kidonda kipya, akatikisa kichwa. Akasema huko kwao wanasema hapa kulikuwa na komite, watu wa hapa hapa, waliowekwa kuangalia. Akamuuliza, bila ubaya wowote, kama mtu anayepiga maongezi akingoja nguo ikauke:

"Na weye Papa, siku ile walikuwa wanapokea hii daraja, ulikuwa wapi?"

Honoré alifungua mdomo. Alitaka kusema. Mungu wake anajua alitaka.

"Nilikuwa kwa kilio, Mama," akasema. "Ya muke yangu."

Mwanamke akaweka mkono kifuani. Uso wake wote ulibadilika kwa huruma.

"Pole sana, Papa," akamwambia. "Pole sana."

Akainama, akamtua mtoto ili apange mzigo wake vizuri, akamketisha juu ya kile kibao palipokuwa pakavu. Honoré aliusimamisha ule mzigo mgongoni kwa mwanamke, akamkazia kamba, akamrudishia mtoto, akamtazama akipanda mlima mpaka akapotea. Kisha akageuka, maana ng'ambo walikuwa wamefika wengine watatu, na mmoja alikuwa akiwaita wenzake kwa sauti, akiwaambia washikane mikono, hapa ndipo kwa Joséphine-Marie.